Nyuzi za Mimea na Nyuzi za Wanyama: Kwa Nini Hazipatani

Kila mwaka, baada ya kondoo kunyolewa, wako wakulima wa skimu ambao hupeleka sufu yao kuuza wakarudi nyumbani wamekunja uso. Sufu ilikuwa nyeupe, kondoo walikuwa na afya, na mizani haikuwa na ubishi. Lakini mnunuzi alitia mkono ndani ya gunia, akatoa uzi mmoja wa katani uliokuwa umejificha, akauinua watu wauone, kisha akashusha daraja la gunia zima. Mkulima huona ya kwamba ameonewa. Hujiuliza: kipande cha kamba kina uzito gani hata kiniharibie jasho la mwaka mzima?

Swali hilo ni la haki. Jibu lake si la maneno mawili, maana ni lazima kwanza tujue ya kwamba nyuzi zote za duniani tunazozipata shambani ni za koo mbili, na koo hizo hazina undugu wowote ingawa kwa macho zaweza kufanana. Ukoo mmoja watoka katika mimea. Ukoo wa pili watoka kwa wanyama. Zikisokotwa zote huitwa uzi, zikifumwa zote huitwa kitambaa, na dukani hupangwa katika rafu moja. Ndipo watu wakadhani ni kitu kimoja.

Tuanze na mimea. Pamba ni malaika yaotayo juu ya mbegu za mpamba. Katani imo ndani ya jani la mkonge, nayo ndiyo inayolisimamisha jani hata liwe gumu kama upanga. Juti ya magunia hutoka katika ganda la shina la mmea ulimwao sana Bengali. Watu wa Pwani hupata kamba katika makumbi ya nazi, ambayo huyafukia penye maji mpaka yaoze nyama na kubaki nyuzi. Akina mama wa Ukambani walisuka vyondo kwa magome ya mbuyu, na wa Ukikuyu kwa magome ya mugio, kabla mkonge haujafika katika nchi hii. Mkonge wenyewe ni mgeni. Ulitoka Amerika, na mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kuipeleka Tanganyika. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwa hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga, kisha mmea ukavuka mpaka kuja kwetu.

Nyuzi zote hizo, ziwe laini kama pamba au ngumu kama kumbi, zimejengwa kwa kitu kimoja kiitwacho selulosi. Ndicho kilichomo katika mti, katika nyasi kavu, katika mabua ya mahindi, na katika karatasi hii unayoisoma. Mmea huitengeneza selulosi kwa jua, maji na hewa.

Sasa wanyama. Sufu ya kondoo, nywele ndefu za mbuzi wa Angora, nywele za ngamia, na hariri inayotolewa na kiwavi, zote ni za protini. Protini ya sufu inaitwa keratini, nayo ndiyo iliyomo katika kwato, pembe, kucha, manyoya ya kuku na nywele za kichwa chako. Mnyama hawezi kuitengeneza kwa jua. Huitengeneza kwa chakula alichokula, na kwa hiyo sufu ina naitrojeni na salfa ndani yake, vitu ambavyo pamba safi haina. Hariri ni protini ya namna nyingine: kiwavi huitema mdomoni ikiwa majimaji, ikigusa hewa hukauka, na uzi mmoja wa kifukofuko chake waweza kuwa na urefu wa mita 600 hata zaidi ya 1,000.

Mchwa anaijua tofauti hii kuliko karani yeyote. Weka chini gunia la juti na blanketi ya sufu katika ghala lenye mchwa, urudi baada ya majuma machache. Gunia utalikuta limekuwa udongo, maana chakula cha mchwa ni selulosi. Blanketi atakuwa ameipita. Lakini nondo wale wadogo wa rangi ya majani makavu, wanaoruka kwa uvivu ndani ya sanduku la nguo, wao hutaga mayai katika sufu, na viwavi vyao huitafuna keratini, na shuka la pamba huliacha salama. Kila mdudu na ukoo wake. Ukungu pia hupenda zaidi nyuzi za mimea zikiwekwa mbichi, ingawa sufu nayo haisalimiki ikikaa na maji siku nyingi.

Kuzijua kwa moto

Mtu asiye na darubini anaweza kuzipambanua nyuzi kwa kiberiti. Jambo hili lafaa kujulikana, hasa kwetu sisi tukaao Kinangop, Ol Kalou, Molo na mahali pengine pa baridi, ambako blanketi si mapambo. Mara nyingi mtu huuziwa blanketi akaambiwa ni sufu tupu, kumbe ni pamba, au ni nyuzi za kiwandani zilizofanywa ziwe na malaika.

Chomoa nyuzi mbili za blanketi, moja iendayo kwa urefu na moja iendayo kwa upana, kwa sababu mara nyingine mfumaji huweka pamba upande mmoja na sufu upande wa pili. Zishike kwa koleo au kwa kibano, mbali na nguo zako, juu ya bati au sahani. Ziguse kwa moto moja moja.

Uzi wa pamba, katani au juti hushika moto mara moja, huwaka kwa ulimi wa njano, na ukiutoa katika moto huendelea kuwaka wenyewe. Harufu yake ni ya karatasi inayoungua. Jivu ni jepesi la kijivu na hupeperuka ukipulizia. Uzi wa sufu hufanya kinyume: hujikunja kama unaokimbia moto, huwaka kwa shida, na ukiondolewa huelekea kuzimika wenyewe. Harufu utaijua, maana ni ya nywele zilizoungua, na hiyo ni salfa ikitoka. Hubaki kidonge cheusi ambacho ukikifinya kwa vidole huvunjika kuwa unga. Kidonge kikiwa kigumu kama ushanga na hakivunjiki, basi huo si wa mmea wala wa mnyama. Ni nailoni au polista, nyuzi zilizobuniwa viwandani katika miaka ya 1930 na 1940. Usikiguse kabla hakijapoa, kwa sababu ni kitu kilichoyeyuka na hung'ang'ania ngozi.

Mzazi na aliangalie jambo hili katika nguo za watoto wachezao karibu na jiko. Gauni jepesi la pamba huwaka upesi sana. La nailoni huyeyuka juu ya mwili, na jeraha lake ni baya. Fulana ya sufu ndiyo inayompa mama muda wa kukimbilia mtoto, na ndiyo sababu blanketi nzito ya sufu hutumiwa kuufunika moto mdogo uzimike.

Maji, magadi na maji ya betri

Uzi mmoja wa pamba, ukiutazama kwa kioo cha kukuza sana, ni kama utepe uliojinyonganyonga. Ulikuwa mrija wakati tumba lilipokuwa bichi. Lilipopasuka na kukauka, mrija ulilala bapa na kujisokota. Misokoto hiyo ndiyo ifanyayo pamba ishikane ikisokotwa. Uzi wa sufu ni wa duara, umejikunja mawimbi kama njia ya mlimani, na juu yake una magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, ncha zote zikielekea upande mmoja. Katika mawimbi yake hukaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo baridi.

Hayo magamba ndiyo yamewaliza wengi. Sweta ya sufu ikitiwa katika maji ya moto na kusuguliwa kwa nguvu, magamba hufunguka, nyuzi hutambaa upande mmoja na kufungana, wala haziwezi kurudi nyuma. Sweta ya baba inakuwa ya mtoto. Pamba haina magamba, ndiyo maana shuka huchemshwa na kupigwa juu ya jiwe lisidhurike. Tena pamba ikiloa huongeza nguvu, na sufu ikiloa hupunguza nguvu. Kwa hiyo sweta ifuliwe kwa maji ya vuguvugu, ikamuliwe kwa kuminywa pasipo kusokotwa, na ianikwe ikiwa imelazwa juu ya kitambaa. Ukiining'iniza kwenye waya hujivuta kwa uzito wa maji yake.

Sufu hunywa maji mengi kuliko pamba bila kuonekana imeloa. Katika hewa ya kawaida ya unyevu wa wastani, sufu iliyosafishwa hubeba maji kiasi cha kilo 16 kwa kila kilo 100 za sufu kavu, na pamba hubeba kama kilo 8. Katika ukungu wa asubuhi sufu hubeba zaidi, nawe ukiishika husema ni kavu. Hapa pana hatari kwa mwenye kondoo: ukinyoa kondoo aliyenyeshewa na kuifunga sufu hiyo, itapata joto ndani ya mfuko, itageuka njano na kunuka, na njano hiyo haitoki kwa kuosha. Mvua ikinyesha usiku, acha kazi ya kunyoa hata sufu ikauke mpaka mizizi. Siku moja ya kungoja haina hasara.

Jambo la pili katika kuosha ni magadi. Nyuzi za mimea hustahimili magadi na maji ya majivu; nyuzi za wanyama haziwezi. Ukichemsha kipande cha sufu katika maji ya kostiki soda, hata yasiyo makali sana, sufu yote huyeyuka ukaikosa chunguni, na kipande cha pamba kilichokuwa pamoja nayo hubaki kizima. Usifanye jaribio hilo jikoni. Nimelitaja ili ujue kwa nini sabuni kali ya kufulia huifanya sufu iwe ya njano na kukwaruza.

Asidi yafanya kinyume. Waendesha trekta wanalijua hili kwa hasara ya suruali zao. Tone la maji ya betri likidondoka juu ya suruali ya pamba, mtu halioni. Siku ya kufua, mahali pale panatoboka tundu. Asidi ile ilikauka polepole, ikazidi ukali, na ikaigeuza selulosi kuwa kama mkaa. Tone hilohilo likidondoka juu ya soksi ya sufu halina madhara makubwa kama hayo.

Wenye viwanda walilifanya jambo hili kuwa dawa. Sufu yenye mbegu za magugu na vipande vya nyasi hupitishwa katika asidi hafifu, hukaushwa kwa joto kali, na uchafu wote wa mimea huwa makaa ambayo husagwa na kukung'utwa yatoke kama vumbi. Sufu hubaki. Lakini kazi hiyo ina gharama, na sufu yenyewe hupungukiwa nguvu. Gharama hiyo hailipwi na kiwanda. Humrudia mkulima katika bei.

Uzi mmoja wa kamba

Sasa twaweza kulijibu lile swali la kwanza. Uzi wa katani ukiingia katika sufu, hauchomolewi na mashine ya kuchambua. Mashine ina meno mengi ya waya; huukata uzi ule vipande vidogo na kuvitawanya katika sufu nyingi. Uzi mmoja uliofungia kondoo mmoja huwa mamia ya vipande katika nguo za watu wengi. Kisha sufu husokotwa, hufumwa, na hutiwa rangi. Rangi za sufu hupikwa pamoja na asidi kidogo, nazo hushikana na protini. Selulosi haizishiki. Basi kitambaa cheusi cha koti kinatoka kiwandani kikiwa na vidoa vyeupe kila mahali, kama kilichomwagiwa unga, na lazima vibarua wakae na vibano wakivitoa kimoja kimoja, au kitambaa kiuzwe kwa hasara. Mnunuzi aliyeinua uzi ule hakuuogopa uzito wake.

Siku hizi liko jambo baya kuliko katani. Magunia mengi ya mbolea, ya unga na ya chakula cha ng'ombe yamefumwa kwa plastiki. Yakikaa juani hukatika nyuzi nyembamba nyeupe ambazo hazionekani ndani ya sufu. Plastiki hiyo haishiki rangi ya sufu, na asidi niliyoitaja haiigeuzi makaa. Hakuna dawa ya kuiondoa isipokuwa jicho na mkono. Usitie sufu katika gunia la mbolea, hata ukilifua mara tatu.

Basi siku ya kunyoa fanya hivi. Fagia sakafu, au tandika turubai safi isiyochakaa, na ondoa kila kipande cha kamba kabla kondoo wa kwanza hajaletwa. Kondoo afungwe miguu kwa kamba ya ngozi au kwa mkanda usiotoa nyuzi, na aliye fundi hahitaji kumfunga kabisa. Wiki mbili au tatu kabla ya siku hiyo usiwachunge penye kishona nguo, maana zile mbegu zenye miiba hujishona katika sufu kama jina lake. Usiwapake lami wala rangi ya mafuta kuwa alama. Tumia rangi iliyotengenezwa kwa kondoo, ambayo hutoka kwa kuosha, au weka alama masikioni. Mkasi upite mara moja, karibu na ngozi, bila haraka. Ukirudia kukata pale ulipokwisha kukata, unapata vipande vifupi visivyosokotwa.

Sufu ya tumbo na ile yenye mavi ya nyuma ziwekwe mbali na sufu ya mgongo na mbavu. Ngozi nzima ya sufu ikunjwe pande kuelekea katikati, iviringishwe, upande uliokatwa ukiwa nje, na iachwe hivyo hivyo. Itajishika yenyewe. Usiifunge kwa kitu chochote. Itiwe katika mfuko uliofanywa kwa ajili ya sufu. Pasipo mfuko huo, mwulize mnunuzi wako mapema anakubali nini, na ukiambiwa gunia la juti, liwe jipya na litiwe karatasi nzito ndani ili nyuzi zake zisiingie. Kushona mdomo wa mfuko ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri: hukata kamba kwa kisu juu ya mdomo uliowazi, na vipande huanguka ndani. Kata kando.

Kwa kawaida usiioshe sufu kabla ya kuiuza kwa kilo, ila mnunuzi akitaka. Ina mafuta na jasho la kondoo, na mara nyingine karibu nusu ya uzito ni mafuta, jasho na vumbi. Mnunuzi anajua kukadiria hayo. Mafuta yale nayo yana kazi, kwa maana ndiyo lanolini itiwayo katika mafuta ya kupaka.

Uzi ulishwao kila siku

Tofauti moja zaidi kati ya koo hizi mbili ina maana kubwa kuliko zote kwa mwenye shamba, nayo haionekani kwa kiberiti wala kwa kioo cha dukani. Uzi wa pamba huumbwa mara moja. Katika siku hamsini au sitini tangu ua lifunguke, tumba hujaa na kupasuka, na uzi wake umekwisha, urefu wake karibu sentimita 3 kwa pamba ya kawaida. Uzi wa sufu huota kila siku ya mwaka, mchana na usiku, na kila siku huandikwa ndani yake jinsi kondoo alivyokula siku ile.

Kondoo akishikwa na minyoo, au na homa, au nyasi zikikosekana katika kiangazi, au jike akizaa mapacha bila kuongezewa chakula, uzi wake huwa mwembamba kwa siku zile. Baadaye akipona uzi hunenepa tena. Lakini ile sehemu nyembamba imebaki katikati kama kiuno cha nyigu. Shika kishungi kidogo cha sufu, kinene kama penseli, ukivute kwa mikono miwili kwa ghafula karibu na sikio. Kikilia kama uzi wa gambusi, ni kizima. Kikikatika pale pale katikati, basi kondoo huyo aliugua, na mashine nayo itakikata vivyo hivyo. Nimeona mkulima akikumbushwa mwezi ambao hakuwapa kondoo wake dawa ya minyoo kwa kuonyeshwa mahali sufu ilipokatika. Alicheka, lakini aliyeshika sufu alikuwa na haki.

Kwa hiyo dawa ya minyoo, chumvi, maji na nyasi za akiba ni sehemu ya kutengeneza uzi. Mwenye pamba akishindwa na ukame, ataona tumba dogo na nyuzi changa zisizokomaa, naye hulijua jambo lake mapema. Mwenye sufu asipojaribu kishungi hujua siku ya kuuza.

Uzao nao. Kondoo wa sufu tulionao katika nchi za juu ni Merino, Corriedale, Romney Marsh, na Hampshire Down ambaye sifa yake kubwa ni nyama. Uzi wa Merino ni mwembamba sana. Wa Romney ni mnene, unaofaa mazulia na blanketi. Kondoo mwekundu wa Kimasai na Dorper si kondoo wa sufu. Ni wa nywele na nyama. Simdharau kondoo wa Kimasai hata kidogo, maana hustahimili minyoo kuliko wageni wote hao. Lakini dume lake likiruka ua na kupanda majike ya Merino, wana watakuwa na sufu iliyochanganyika na nywele ngumu nyeupe zenye uwazi katikati. Nywele hizo, ingawa ni keratini kama sufu, hazionyeshi rangi vizuri, na kitambaa hupata vidoa kama vile vya katani. Mtu na achague: nyama au sufu, na azizuie ndoa za usiku.

Kwa wenye pamba na wenye mkonge

Wakulima wa skimu za Lamu na sehemu nyingine za pamba wana maneno machache ya kuongezwa. Kilo 100 za pamba yenye mbegu zikichambuliwa ginnari hutoa nyuzi kilo 33 hadi 38 hivi. Nyingi ya zilizobaki ni mbegu. Chuma pamba safi peke yake na pamba fifi peke yake, tangu shambani. Kuzitenga baadaye chini ya mwembe ni kazi isiyokwisha. Onyo la magunia ya plastiki ni lao pia. Uzi wa plastiki katika pamba hufanya hasara ileile, maana rangi ya pamba nayo haiukubali. Chumia katika kitambaa cha pamba. Mwana na mama yake hawagombani.

Mkonge wengi wetu wanao katika ua tu, wakizuia ng'ombe kwa miiba yake. Katika kilo 100 za majani mabichi, nyuzi kavu ni kama kilo 4, na kazi ya kukwangua kwa mkono ni ngumu, na maji ya jani huwasha ngozi. Nyuzi zioshwe siku ileile zilipokwanguliwa, zianikwe juani zikauke haraka. Utomvu ukikaa huzifanya kahawia. Bei ya mkonge ilishuka vibaya tangu katikati ya miaka ya 1960, kamba za plastiki zilipojaa duniani, na mashamba mengi yakang'olewa. Kamba ya plastiki haiozi. Jambo hilo lilihesabiwa kuwa sifa yake, na sasa lahesabiwa kuwa aibu yake. Tangu Agosti 28, mwaka 2017, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Kenya, na kikapu cha mkonge kikarudi sokoni mikononi mwa watu ambao zamani wangekionea haya.

Katika kiondo ndipo koo hizi mbili zimepatana. Msusi hutumia mkonge kuwa mifupa ya kiondo, na mara nyingi huusokotea uzi wa sufu uliotiwa rangi ili upate kung'aa. Hapo hakuna ubaya, maana kila uzi unaonekana mahali pake na umewekwa kwa kusudi. Akitaka kutia rangi nyumbani, akumbuke ya kwamba sufu hushika rangi za magome na majani kwa urahisi ikichemshwa polepole na shabu kidogo, na mkonge hushika kwa shida, hutaka rangi ya dukani iliyoandikwa kuwa ni ya pamba au ya mkonge.

Na ile sufu ya nyuma yenye mavi, ambayo hakuna mnunuzi anayeitaka, isitupwe barabarani. Ina naitrojeni nyingi. Ifukie katika shimo la mbolea tabaka kwa tabaka pamoja na mabua ya mahindi, uimwagilie maji, na usiitafute kwa haraka: huoza polepole, na mwaka wa pili bado utaona vishungi vyake kati ya mistari ya viazi, ikiendelea kulisha udongo.